Soseji za Joshua, Mboga za Mama

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, nimerudi kutoka misa ya kwanza na nimekaa mezani mbele ya sahani tupu. Nimepika soseji na mboga ya chainizi kwenye kikaango kimoja, nimekula zote, na mchuzi uliobaki nimeufuta kwa mkate. Nilipoweka uma chini nikajikuta nageukia kiti cha dirishani, ulichopenda kukalia, nikuambie kwamba safari hii kitunguu hakijaungua. Ndipo nikakumbuka kuwa ni mwezi wa nane sasa tangu tukuzike kijijini kwako, kule Poli. Basi nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nimefungua ukurasa wa nyuma, na ninakuandikia.

Huku mtaani kwetu Sakina, mama mkwe akitajwa watu hucheka kwanza, kisha kila mmoja anatoa kisa chake. Mimi huendelea kushona. Kisa changu hakifanani na vyao.

Joshua aliondoka wakati wa masika. Mengi uliyajua, lakini sikuwahi kukusimulia kwa mdomo wangu. Aliniaga asubuhi kwamba anapeleka watalii mbugani kwa siku sita, kazi yake ya kila siku ya udereva. Siku ya saba nikatoka kwenye chumba changu cha kushonea, nikakuta kabati lake wazi, hanga zinaning'inia. Baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu: ana mtoto Babati, ana mama wa mtoto, nimsamehe. Miaka tisa ya ndoa yetu isiyo na mtoto ikaishia kwenye mistari mitatu.

Wiki ya kwanza niliendelea kupika kwa mazoea. Mkono wenyewe ulichota wali wa watu wawili, ulikata nyanya za watu wawili. Nikipakua, naona nusu ya sufuria imebaki inanitazama. Nikaona bora nisipike kabisa. Nikawa nakunywa chai, siku nyingine bila hata andazi, na kushona sare za shule mpaka macho yanauma. Wateja walisema, "Felista, umepungua, umependeza." Nikawa naitikia asante.

Alhamisi moja nikaanguka juu ya cherehani. Mama Brenda, jirani yangu wa saluni, ndiye aliyenikuta, damu inatoka kwenye paji la uso. Kwenye zahanati daktari akaniuliza, "Leo umekula nini?" Nikahesabu nyuma mpaka asubuhi, sikupata kitu. Akauliza, "Na jana?" Jana nayo sikuikumbuka. Mama Brenda akachukua simu yangu, akatafuta jina la mtu wa kumpigia, akakuta "Mama Mkwe". Hakuniuliza. Akapiga.

Sasa nikiri jambo ambalo nilikuficha miaka yote. Ijumaa ile nilipokuona umesimama mlangoni, kitenge kimelowa mvua, gunia kichwani, nilibaki nimeshika komeo. Nilidhani umefuata vyombo vya mwanao. Nilikuwa nimeshuhudia kwa wengine: mume akiondoka, ndugu zake wanakuja kuchukua friji, kitanda, hata mapazia. Nilisema moyoni, achukue, sina nguvu ya kugombana.

Na kweli, mama, kitu cha kwanza ulichokiendea ni friji! Uliifungua, ukainama, ukatazama ndani kwa muda mrefu. Mlikuwa na nusu ya limau na pakiti ya soseji.

"Hizi ni nini?"

"Soseji, mama. Za Joshua, alikuwa anakula asubuhi kabla ya safari."

Ukaigeuza pakiti, ukaibonyeza kwa kidole. "Nyama imevalishwa soksi," ukasema. "Haya. Leo tunamlia."

Nilicheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Mbavu ziliniuma kwa sababu zilikuwa zimesahau kazi hiyo. Ukafungua gunia, ukatoa chainizi iliyokuwa bado na udongo wa shambani kwako, pilipili hoho mbili, vitunguu, nyanya, chupa ya maziwa mgando na ndizi mbivu. Ukaosha mboga kwanza ndipo ukaikata, ukanieleza kwamba ukikata kabla ya kuosha, utamu wote unaondoka na maji. Ukakata soseji mshazari, vipande vya unene wa kidole. Ukazitia kwenye kikaango kikavu. "Mafuta wanayo wenyewe," ukasema, na baada ya muda nikasikia zinalia. Zilipokuwa za kahawia pande zote ukazisogeza pembeni, ukaweka kitunguu na hoho katikati, kisha nyanya moja iliyopondwapondwa, chumvi kidogo tu kwa sababu nyama ile ina chumvi yake. Mwisho chainizi yote, kilima kizima, mpaka nikadhani itamwagika. Ukafunika. Hukutia hata tone la maji.

"Itaungua, mama."

"Mboga ina maji yake. Subiri."

Ulipofunua, kilima kilikuwa kimelala, kijani kibichi kinang'aa, na harufu ikajaa nyumba nzima. Haikufika hata robo saa. Ukapakua sahani moja. Moja tu. Ukaiweka mbele yangu.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimekula nyumbani. Hiki ni cha mtu mmoja."

Ukakaa kwenye kiti cha dirishani, ukanitazama mpaka nikamaliza. Hukuuliza habari za Joshua. Hukuniambia nivumilie, hukuniambia ndoa ni hivi au vile. Ulikuwa unatazama uma unavyopanda na kushuka. Baadaye nilipotoka kuanika taulo nilikuona uani, umenipa mgongo, unakula ndizi kwa haraka kama mtu aliyeshinda na njaa. Nilirudi ndani polepole usinione.

Ulikaa siku kumi. Siku ya pili ulikwenda soko la Kilombero peke yako, ukarudi na kikaango kidogo, cha kutosha mtu mmoja na mgeni wa ghafla. Sufuria zangu kubwa ukazipandisha juu ya kabati. Nilikasirika. Niliona kama unaniambia Joshua harudi. Nadhani uliona uso wangu, kwa sababu jioni ya kesho yake, tukichambua mboga, ukaanza kunisimulia bila kuulizwa.

"Baba yake Joshua alipofariki, watoto wote walikuwa wameshaolewa na kuoa. Nikabaki na nyumba. Kila siku nilipika loshoro, kande zetu za maziwa, sufuria nzima, kama vile baba yao na watoto wote sita wako mezani. Majirani wakala, wakachoka. Mbwa akanenepa mpaka akashindwa kubweka."

Nilitaka kucheka lakini wewe hukuwa unacheka.

"Siku nilipochukua sufuria ndogo," ukasema, "nililia kuliko siku ya mazishi. Mazishi watu walikuwepo. Siku ile nilikuwa peke yangu na sufuria. Nikapika, nikakaa, nikala. Kesho yake nikapika tena. Sikuwahi kumwambia mtu, Felista. Wangesema nimechanganyikiwa, kulilia sufuria."

Tuliendelea kuchambua. Baadaye nikanyanyuka mwenyewe, nikachukua kile kikaango kidogo, nikakiosha.

Kuanzia hapo ulikaa kwenye kigoda, mimi nikapika. Siku ya kwanza niliunguza kitunguu. Siku iliyofuata nikaingiwa na woga nikatia maji, mboga ikawa kama uji. Ulikula bila kukunja uso, ukasema, "Nimekula vibaya kuliko hivi, na nilipika mimi." Soseji za Joshua zilipokwisha ukanituma kwenye bucha ya pale barabara ya Nairobi nikanunue nyingine, na ukataka niende kwa miguu, nitazame watu. Nilikwenda. Nikaona mafundi magari wanabishana juu ya gia boksi, nikaona mama wa mboga anasinzia na jua, nikashangaa kwamba mambo yote yale yalikuwa yanaendelea tu.

Siku ya sita, mchana, nilinyanyua kichwa kutoka kwenye cherehani nikasema, "Mama, nina njaa." Nilisema kama mtu anayelalamika. Wewe uliacha ulichokuwa unashona, kifungo cha shati la mteja, ukatoka nje. Nilidhani nimekuudhi. Nilipochungulia nikakuona umesimama karibu na karo la kufulia, umeshika pindo la kitenge, unapangusa macho.

Siku ya nane Joshua akakupigia. Mlizungumza Kimeru, na mimi Mrombo nisiyekijua vizuri nilikuwa nadaka neno hapa na pale. Sauti yako haikupanda. Lakini mwishoni ulihamia Kiswahili, na najua ulifanya hivyo ili nisikie.

"Mimi niko kwa mwanangu. Nikirudi Poli utanikuta."

Ukakata simu, ukaniuliza kama kuna sukari.

Niliendelea kuwa na siku mbaya, usifikiri nilipona mara moja. Kila Jumapili ulikuwa unapiga simu, swali la kwanza umekula nini, na Jumapili moja nilikudanganya. Nilisema nimekula wali na maharage wakati nilikuwa nimelala tangu asubuhi. Ukasema, "Sawa. Basi kesho kula na kitu cha kijani." Ulijua. Ulijua na hukunifedhehesha, na nilipokata simu niliamka nikawasha jiko.

Sasa ni miaka minne. Napika kwa kikaango kile mara tatu, nne kwa wiki. Pasipo chainizi natia sukuma wiki, siku za sherehe yangu mwenyewe natia konzi mbili za njegere changa. Naweka kitambaa mezani. Mama Brenda ananiambia, "Wewe unajipikia kama una mgeni," na mimi sioni cha kubisha. Nimenenepa kidogo. Usiku nalala. Watu wanauliza kama siogopi kula peke yangu, nami nashindwa niwaelezeje kwamba kuna mtu alikaa akanitazama nikila mpaka nikaamini ninastahili kula.

Ulipopata kiharusi nilikuja hospitali kila nilipoweza. Kinywa kilikuwa kimeenda upande, maneno yanatoka nusu. Nilikulisha kwa kijiko, na mara moja ulinishika mkono ukausukuma, ukiuelekeza kijiko kinywani mwangu. Muuguzi akadhani hutaki chakula. Mimi nilielewa. Nikala kijiko kimoja, nawe ukala kilichofuata.

Siku ya mazishi yako nilikaa nyuma kabisa, chini ya turubai la majirani. Sikujua niko upande gani. Nilikuwa mke aliyeachwa, Mkatoliki kati ya Walutheri, na Joshua alikuwa mbele na mke wake. Niliamua nitaaga na kuondoka kimya. Kisha dada yake mkubwa, wifi Anaeli, akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Akasema wasifu huu mama aliuandikisha mwenyewe kabla ya kuugua, akakataza mtu yeyote asiubadilishe hata neno. Akasoma ulipozaliwa, ulipobatizwa, ulipoolewa. Akasoma, "Marehemu ameacha watoto saba."

Watu wakatazamana. Wote tunajua ulizaa sita. Anaeli akaendelea kusoma majina, mmoja mmoja, bila haraka, akamaliza wa sita. Akanyanyua macho akanitafuta mpaka akanipata kule nyuma.

"Na Felista," akasema.

Mama, sikulia. Nilishika nguzo ya turubai. Ulipofika wakati wa watoto kuweka udongo, Anaeli alikuja kunichukua kwa mkono, tukaenda pamoja.

Tulipotoka kaburini Joshua alikuwa amesimama njiani kwenye migomba. Ana mvi sasa. "Asante kwa kuja," akaniambia.

"Nimekuja kumzika mama yangu," nikamjibu.

"Najua," akasema, akatazama chini. Nilikuwa nimesubiri siku ile miaka mitatu, nimeandaa maneno ya kila aina, na nilipoyatafuta sikuyakuta. Nyuma yake alitokea binti mdogo wa miaka mitano hivi, amevaa gauni la zambarau, ameshika suruali ya baba yake. Ana paji la uso lako, mama, lile pana, na anatazama watu kama ulivyokuwa unatazama, moja kwa moja.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akanichunguza kuanzia viatu mpaka kilemba. "Wewe ni nani?"

Joshua akamshika binti bega. Mama yake yule mtoto alikuwa hatua chache tu, amesimama kama aliyepigwa ganzi. Wote wawili walikuwa wananisubiri mimi.

Nikachuchumaa ili tulingane.

"Mimi ni shangazi yako," nikamwambia.

Asante kwa kila kitu, mama. Pumzika.

Ni mimi mwanao,
Felista