Mistari Mitatu kwa Siku

Mlandege, Unguja
11 Januari 1954

Ndugu yangu Mize binti Ame,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yako yanakubeba, na watu wote wa Jongowe wamo katika heri. Ukiniuliza mimi, kila asubuhi ninaliona jua, na kwa mtu wa miaka sabini na minne hilo si dogo. Moyo ndio umechoka. Daktari aliweka sikio kifuani mwangu, akakunja uso, kisha akamwita mwanangu Shamsi ukumbini. Shamsi hataki kuniambia alichoambiwa. Nimekisoma usoni mwake.

Hatujaandikiana tangu tulipomzika dada yetu Khamisa, na leo nakuandikia kwa sababu sina mwengine. Mize, mimi si Hafidh, Qur'ani yote sikuihifadhi. Watu wa mji huu wameniita hivyo miaka arubaini na nimeitika, lakini juzuu ya kumi na nne haimo kichwani mwangu. Haikuwamo siku niliyovishwa joho na kuzungushwa kijiji kizima, na haimo leo. Kila Ramadhani, tunapokhitimisha Qur'ani msikitini kwetu, zamu ya juzuu hiyo ikifika mimi hukohoa. Watu hunihurumia. Huniletea tangawizi.

Sitaki kuingia kaburini na tangawizi ya watu. Nimeweka nadhiri ya kuihifadhi juzuu hiyo yote kwa siku saba, halafu nipumzike. Wewe uliyeihifadhi Qur'ani nzima kwa kusikia tu, ukiwa nyuma ya kiambaza cha chuo cha Qur'ani cha baba, niambie: uliwezaje?

Wasalaam,
Kaka yako, Jaku


Jongowe, Tumbatu
20 Januari 1954

Kaka Jaku,

Shikamoo. Mimi sijambo. Magoti hayanibebi, mimi ndiye ninayeyabeba. Huku mvua ndogo imenyesha na muhogo umefurahi. Nimesikitika kwa habari ya moyo wako, na nimecheka kwa habari ya kikohozi. Samahani, lakini nimecheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Umesahau nani alikuwa nyuma ya kiambaza siku uliyotahiniwa? Wazee walipoifungua juzuu ile, ulinyamaza kama mtungi. Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti ya chini nawe ukaidaka neno kwa neno. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikaona najisaidia mwenyewe kwa kukusaidia ndugu yangu. Kwa hiyo usiniletee siri yako kama kitu kipya.

Sasa sikiliza. Siku saba! Hiyo ndiyo tabia yako tangu utotoni. Ulikuwa ukimwambia baba, "Leo nitahifadhi kurasa tano," baba akakusifu, nawe ukishasifiwa ukaona umeshahifadhi. Jioni huna hata mstari. Nadhiri kubwa inashibisha, kaka, ndiyo maana aliyeiweka haendi jikoni.

Kurasa ishirini za juzuu hiyo zina mistari mia tatu, mmoja pungufu mmoja zaidi. Utahifadhi mitatu kwa siku. Mitatu tu. Ukisali alfajiri usinywe kahawa mpaka uwe umeimaliza, maana nakujua, kahawa huwezi kuisahau. Ukijiona una nguvu ya mstari wa nne, uache. Uondoke ukiwa na hamu. Siku ukiugua ukakosa, kesho yake usisome sita kwa kujilipiza. Rudi kwenye mitatu kama vile hapakutokea kitu. Ni wale wanaojilipiza ndio wanaoacha.

Na mikono uipe kazi. Mimi nilihifadhi nikisuka ukili wa mkeka, kila neno na unyaa wake wa ukindu, na nikikosea neno ukili nao unakwenda upande. Nakuletea fungu la ukindu kwa gari la Mkokotoni. Najua ni kazi ya wanawake. Suka.

Dada yako, Mize


Mlandege
14 Februari 1954

Ndugu yangu Mize,

Marahaba, na salamu za watu wa nyumba hii, wote wazima. Miguu imevimba kidogo lakini chakula kinapita.

Mistari sitini. Nilianza tarehe ishirini na nne, na nimekosa siku moja tu, siku niliyoamkia kwa daktari. Mkewe Shamsi, Bi Mwanapili, ndiye anayenishikia mas-hafu. Ilibidi nimwambie ukweli. Alinitazama, akasema, "Kumbe na wewe mtu, baba," akafungua ukurasa. Hana huruma hata kidogo. Nikiikosea irabu moja ananirudisha mwanzo, na birika la kahawa analiweka pale ninapoliona.

Ukili wangu wa kwanza ulikuwa kama njia ya mlevi. Juzi Shamsi aliingia akanikuta kitandani nimezungukwa na ukindu.

"Baba, watu wakija kukutazama watasema nini?"

"Waambie baba yako anasuka."

"Anasuka nini?"

"Mwambie asiyejua aje ajifunze."

Daktari naye amesema nisome kidogo au nisisome kabisa. Nimemwambia mistari mitatu ni kidogo kuliko maneno aliyoyasema yeye tangu alipoingia.

Lakini Mize, kadiri juzuu inavyoingia kifuani ndivyo kitu kingine kinavyotaka kutoka, na nisipokitoa leo nitajidanganya tena kwamba nitakitoa siku kubwa zaidi.

Mwaka 1921 ulifungua chuo cha watoto wa kike uwanjani kwako. Wazee wa Jongowe waliandika mjini kuuliza kama ni sawa, na kama kweli umehifadhi. Wakajibiwa kwa barua isiyo na jina, kwamba mwanamke huyo ameokota kwa masikio, hakutahiniwa na mtu, na si salama kumpa watoto. Chuo chako kikafungwa wiki ile ile. Umeishi miaka thelathini na tatu ukiamini kuwa iliandikwa na mwanachuoni fulani wa mjini aliyekuchukia.

Niliiandika mimi. Barua ya wazee ilipelekwa kwa mwanachuoni mwenzangu, naye akanipa niijibu kwa kuwa nakujua. Niliogopa. Niliona utatoa wasichana kumi waliohifadhi yote, na siku moja mmoja wao atakaa karibu na msikiti wangu na kusikia pengo langu lilipo. Nilikupokonya chuo ili nihifadhi jina, nami juzuu siijui.

Nakuomba radhi.

Kaka yako, Jaku


Mlandege
9 Machi 1954

Mize,

Salamu. Natumai u mzima. Nimeuliza kwa dereva wa gari mara mbili, na mara mbili ameniambia barua yangu ilikufikia mkononi. Hukujibu, na sina haki ya kuuliza kwa nini.

Nakuarifu tu kwamba sijaacha. Mistari mia na ishirini na tisa. Usiponijibu tena nitaendelea vivyo hivyo.

Jaku


Jongowe
17 Machi 1954

Mwalim Jaku,

Sikukuamkia kwa sababu sijataka.

Walikuwa kumi na mmoja. Unataka kuwajua? Mashavu binti Makame alikuwa amefika juzuu ya sita. Sichana alikuja asubuhi ile na ubao wake umeoshwa, akakuta mlango umefungwa kwa amri ya wazee, akakaa nje mpaka adhuhuri akidhani nimelala. Mimi nilikuwa ndani. Niliambiwa nisimfungulie, na sikumfungulia. Hilo nalo ni lako.

Tangu hapo nasuka mikeka. Qur'ani nzima imo kifuani mwangu na aliyewahi kuisikia ni ukindu.

Nilipoisoma barua yako nilitaka kuitia jikoni. Nikaiweka. Nikaisoma tena siku ya tatu, nikaona jambo moja linaniudhi kuliko yote: umekiri kwangu mimi peke yangu, kwenye bahasha. Ulinivunjia jina mbele ya kijiji, sasa unanitengeneza kwa siri? Hata kutubu unatubia nyuma ya kiambaza!

Mimi radhi yangu si peremende. Ukiitaka, simama Ijumaa mbele ya hao wanaokuita Hafidh, uwaambie. Kisha waandikie wazee wa Jongowe, na safari hii utie jina. Na mistari mitatu usiiache, wala usidhani kusimama siku moja msikitini ndiyo kumaliza. Nakujua, utapenda kubwa uache dogo.

Mize binti Ame


Mlandege
28 Machi 1954

Ndugu yangu Mize,

Assalamu alaykum. Hujaniuliza hali nami sikulaumu. Ni dhaifu, lakini nakaa kitako.

Juzi Ijumaa nilikwenda. Shamsi alinishika kwapa njia nzima akidhani nakwenda kusali tu. Baada ya sala nikamwomba imamu ruhusa ya maneno mawili. Nikasema, "Jamaa, mnaniita Hafidh. Mimi si Hafidh. Juzuu ya kumi na nne siijui na sikupata kuijua. Aliyehifadhi yote kwetu ni dada yangu Mize, yuko Jongowe, na chuo chake nilikifungisha mimi kwa barua ya uongo."

Jirani yangu Mzee Machano akacheka kwa upole. "Mwalim, uzeeni kila mtu husahau."

"Sikusahau, Machano. Husahau aliyepata kujua."

Mtu akasema nyuma, "Mzee anaweweseka. Mrejesheni nyumbani." Nilimjua kwa sauti, Mabrouk, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana mvi.

"Ningekuwa naweweseka, Mabrouk, ningesahau kwamba nilikuchapa bakora sita kwa kushindwa juzuu hiyo hiyo niliyoshindwa mimi."

Mabrouk akainuka. Nikadhani anatoka. Akaja akanishika mkono, upande ule ambao Shamsi alikuwa ameuacha, maana Shamsi alikwisha kunitoka akasimama mlangoni. Nikamwomba radhi na yeye pale pale. Akasema, "Bakora nshakusamehe zamani, mwalim. Ile ya sita tu ndiyo nnayoifikiria."

Shamsi hajasema nami tangu juzi. Anasema nimemvua nguo mbele ya mji. Nimemwambia nguo zilikuwa zangu. Waliokuwa wakija kunitazama kila jioni wamepungua, na kusema kweli nyumba ina nafasi zaidi.

Kwa wazee wa Jongowe nimeandika, na jina langu nimelitia juu na chini. Mistari ni mia na themanini na mitatu. Ijumaa ile nilisoma mitatu yangu kabla ya kwenda.

Kaka yako, Jaku


Jongowe
14 Aprili 1954

Kaka yangu Jaku,

Shikamoo, shikamoo tena kwa ile niliyokunyima. Hali yako? Usinidanganye, dereva ameshaniambia. Amesema hujitoi tena kitandani, na kwamba kalamu unashikiwa.

Barua yako kwa wazee ilisomwa kwa sauti baada ya sala. Mwenyewe sikwenda, nilikaa kwangu na ukili wangu. Jioni nikasikia hodi. Mashavu, kaka! Ana wajukuu, ana jino moja mbele, amemshika mkono mjukuu wake Mwanakhamis. Akaniambia, "Bi Mize, nilikuwa juzuu ya sita. Tuendelee?" Nikamwambia umechelewa miaka thelathini na tatu, nitakuchapa. Akasema, "Chapa, ila hili jino langu moja lichunge." Sasa wako saba, wakubwa kwa wadogo. Kila mmoja nimempa mistari mitatu. Mmoja ametaka kumi ili anifurahishe, nimemrudisha kwao akalale.

Sichana hakuja. Amekufa mwaka wa njaa. Nimekutajia ili ujue, si ili nikuumize.

Kaka, yatosha. Umesimama, umesema, umeandika. Bi Mwanapili ameniletea maneno kwamba unasoma ukitweta, na kwamba siku mbili ulizirai juu ya mas-hafu. Acha sasa. Nimekusamehe, dunia na akhera. Lala, unywe kahawa yako, na juzuu tutakusomea sisi.

Nakuja huko mjini kwa gari la Mkokotoni nikipata wa kunishika mkono.

Dada yako, Mize


Mlandege
22 Aprili 1954

Mize,

Marahaba. Kalamu naishika mwenyewe leo, ndiyo maana maandishi yanatembea.

Radhi yako naitaka kuliko pumzi. Lakini hii uliyoniletea umenipa kwa kuogopa kuwa nitakufa, na mtu haogopeshwi akatoa radhi ikawa radhi. Nilivishwa joho nisilolifanyia kazi. Sipokei na hii bure. Bi Mwanapili amesikia nikisema hivyo akashika kichwa: "Baba, mtu hakatai kusamehewa!" Nimemwambia mimi nakataa kwa siku ishirini na sita.

Nimeipiga hesabu. Nimehifadhi mistari mia mbili arubaini na tisa. Imebaki hamsini na mmoja. Mitatu siiwezi tena, kwa hiyo nimeshuka kwenye miwili, na wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kushuka si kuacha. Mwezi wa Ramadhani utaandama kabla sijamaliza. Uandame.

Daktari alikuja asubuhi akauliza nani amempa mgonjwa ukindu. Nikamwambia mwalimu wangu. Shamsi alikuwapo. Aliinama akaokota unyaa ulioanguka chini akanirudishia mkononi.

Usije mjini, una wanafunzi saba. Usiwaache kwa ajili yangu hata siku moja.

Leo nimesoma miwili. Bi Mwanapili amenirudisha mwanzo mara nne, kisha amefunga mas-hafu na kunipa kahawa. Kesho miwili, inshallah.

Usinisamehe bado.

Kaka yako,
Jaku