Theluji ya Mlangoni kwa Mama

Harlow Creek, Wisconsin
Jumapili jioni, Februari

Dada yangu mpenzi Marlys,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako hata mbwa anatoka nje kwa shingo upande. Natumaini wewe na shemeji mu wazima, na kwamba goti lako jipya linakutii kuliko lile la zamani. Sisi hatujambo. Connie wangu anakusalimu sana. Mimi naendelea kunenepa upande wa mbele na kupungukiwa nywele upande wa juu; daktari anasema ni afya, ila haniambii ni ya nani.

Umeniuliza zaidi ya mara moja yale makazi ya wastaafu yameishia wapi, yale yaliyotaka kujengwa kwenye shamba la mahindi la marehemu Tesch, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwa Mama, nami nikakujibu kwa mzaha. Leo nakujibu.

Unajua Mama alivyoyataka. Yeye na Ardis, mwenzake wa karata, walikwisha kuchagua nyumba zao kwenye mchoro, ukuta mmoja katikati, ili atakayekosa usingizi amgongee mwenzake. Tangu Baba afariki sijamwona akitaka kitu namna ile. Lakini shamba lile limeandikwa la kilimo, na bila kamati ya ardhi kulibadilisha hapajengwi hata kibanda cha kuishi watu. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba tukaitwa ukumbini, kila mwenye la kusema apewe dakika tatu.

Majirani walikuja wote, Dada, tena na keki zao. Pam Stroik, yule wa nyumba ya kijani, alitangulia. Alisema mwanga wa mataa utazifuta nyota angani, maji ya mvua yatakimbilia visima vyetu, na ving'ora vya magari ya wagonjwa vitawaamsha wanawe. Mtu nyuma akauliza wazee wasio na watoto shuleni wataipigiaje kura ya ndiyo kodi ya shule. Kisha Kermit Dahlke akainuka, kofia mkononi, akasema hana ubaya na wazee, hata yeye yuko njiani kuwa mmoja, ila si mbele ya dirisha lake. Watu wakacheka. Alipomwona Mama kwenye mstari wa mbele akaongeza haraka kwamba si yeye anayesemwa: Bi Orpha ni wetu, Bi Orpha hana haja ya kwenda popote, kwani nani anamsukumia theluji kila baridi kama si yeye Kermit na trekta lake? Kijiji hiki, akasema, kinatunza wazee wake. Wakampigia makofi.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Connie alikuwa amenisikiliza nikifanya mazoezi ya hotuba gereji. Dakika yangu ya kwanza niliimaliza nikisifia kahawa, ya pili nikitafuta miwani iliyokuwa kichwani, na ya tatu nikiwaeleza kwamba nitakuwa mfupi.

Ndipo Mama akasimama. Kwa ile sauti aliyokuwa akituitia kuoga, alimshukuru Kermit kwa theluji, kisha akamuuliza kama, tangu mumewe Harold azikwe, amewahi kumaliza kuisukuma akazima trekta akaingia ndani. Kermit akasema trekta lile, Bi Orpha, ukilizima kwenye baridi haliwaki tena. Mama akasema basi tumuulize Pam, maana gari la Pam linawaka. Njia yangu ni safi mpaka barabarani, akasema, ila sioni wa kuikanyaga. Akaketi.

Kura ya kamati ilikuwa wanne kwa mmoja, na shamba likabaki shamba. Mlangoni Pam alimkumbatia Mama, akamwambia amefurahi mno kwamba wataendelea kuwa majirani.

Sasa kaa chini, kama goti linaruhusu. Mama unayempigia kila wiki kwenye simu yake ya mkononi hayuko nyumbani. Mwana wa Ardis alimchukua mama yake wakahamia Texas, na siku chache kabla ya Sikukuu ya Shukrani Mama akaniomba nimpeleke kwenye nyumba ya wazee mjini, mwendo wa saa mbili kwa gari, ghorofani, kati ya watu asiowajua. Usiku mmoja aligonga ukuta. Wa upande wa pili akamshtaki kwa wauguzi. Alinikataza kukuambia, alisema ungepanda ndege uje kupigana na kamati nzima, na ungeshinda, naye hataki kukaa mahali ambapo mpaka watu washindwe ndipo wamkubali. Anapokusimulia theluji ya mlangoni, huwa ameniuliza mimi kwanza.

Na theluji hiyo, Dada, haijawahi kusukumwa vizuri hivi. Yale maneno yaliwachoma. Kermit anafika kabla haijakoma kuanguka, mume wa Pam anakwangua ngazi kwa mkono na kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu. Sikumficha mtu kwamba amehama. Nilimtoa Mama mchana kweupe, masanduku yake juu ya gari. Taa ya jikoni nimeifunga kwenye swichi ya saa, iwake yenyewe jioni, kwa ajili ya wezi tu. Baridi nzima hakuna aliyebisha hodi. Kila Ijumaa, kwenye mlo wa kijiji wa samaki wa kukaanga, Kermit ananiuliza Mama hajambo, namjibu hajambo.

Juzi nilikuwa ndani nikimwagilia maua yake. Kermit akamaliza kazi, akageuza trekta bila kulizima, akatazama dirishani, akapunga mkono. Nami, mtu mzima na kitambi changu, nikasimama nyuma ya pazia la mama yangu, nikampungia. Akaenda zake ameridhika.

Msalimie shemeji na watoto wote. Namba ya chumba cha Mama nimeiandika nyuma ya bahasha; ukija tutakwenda pamoja, uchukue na karata. Ila ukimpigia kabla ya hapo, nakuomba, usimuulize habari za theluji.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Verlyn