Bi Zhen na Dumu la Yuria

Xiaobei, Guangzhou
Jumanne, baada ya swala ya adhuhuri

Mdogo wangu wa tumbo moja, Swalha,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai karatasi hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Rahim na watoto, na mama yetu juu ya wote. Ukitaka kujua hali yangu, mimi mzima kama chuma cha reli. Mafua kidogo tu, lakini haya ni mafua ya kiyoyozi, wanaougua ni watu wenye nafasi zao.

Kama umesimama, tafuta kiti. Kaka yako kapata! Bahati imezunguka Guangzhou nzima, mji wenye watu kama mchanga, ikawaruka wote, ikaja kunigongea mimi mlango. Swalha, nina gari lenye nyumba ndani. Sisemi gari kubwa, nasema nyumba: kitanda cha chini na kitanda cha juu, jiko la gesi, friji, choo cha kuvuta maji, bomba la maji ya moto na mapazia ya maua ambayo ungeyaona ungeyaomba. Ukichoka unaegesha, unakaanga yai, unalala. Wafanyabiashara wenzangu wa hapa barabara ya Huanshi Zhonglu, wale waliokuwa wakinicheka kwamba Tahir maneno mengi mzigo mdogo, siku hizi nikipita wanatoka mlangoni kunipungia mkono. Mimi nawapungia kidole kimoja tu, wasije wakazoea.

Utashangaa karatasi zama hizi za simu. Nimejaribu kukurekodia sauti mara nne, kila nikijisikiliza nafuta. Basi nimeona niandike, hata kama mwalimu wetu wa Temeke alisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyelewa. Anayeileta ni Mwanahija, yule mama wa viatu, anaondoka Alhamisi. Nimemwambia aiweke kwenye mkoba wa begani, isije ikafungashwa pamoja na makobazi ya soko la Liuhua ikafika inanuka gundi.

Ujumbe wako wa mwezi uliopita niliupata, na nimeusoma mpaka nimeuhifadhi. Umesema kila alfajiri mama anauliza kama Tahir keshakula. Umesema daktari kakwambia maradhi haya ya kusahau yatayachukua majina moja moja, na la kwangu bado analo lakini daktari hajui kwa muda gani. Umeniuliza neno moja tu, nakuja au siji. Nami nimekaa kimya wiki tano kama mtu asiye na mama. Jibu lako limo humu, usiruke mistari. Wacha kwanza nikupe habari za safari, maana bila hizo jibu halitaeleweka.

Humu garini nina abiria wawili. Mmoja ni Mzee Luo, ambaye nilikuwa nakutajia, dereva aliyevuta kontena zetu Watanzania kutoka maghalani mpaka bandari ya Nansha kwa miaka sijui mingapi. Kila suruali ya jinzi niliyowahi kuwatumia imepitia mikononi mwake. Wa pili ni mkewe, Bi Zhen. Huku kuna wanawake wengi wa namna yake, wake wa malori. Miaka thelathini kakaa kiti cha pembeni ya mumewe. Anapika wali kwenye jiko dogo, analinda mzigo mume akisinzia, anagonga matairi kwa rungu, na kila kinachotaka kujazwa anajaza yeye.

Sasa Bi Zhen anaumwa. Anaumwa ugonjwa ule ule wa mama. Alipostaafu mumewe na lori likauzwa, yeye hakuelewa. Alikuwa anafunga kibegi chake, anashuka ghorofa sita, anaenda kusimama ukingoni mwa barabara ya bandari kungoja lori lije limchukue. Mara tatu walimkuta pale, mara moja kwenye mvua. Lakini ukimpandisha kwenye gari linalotembea anatulia kabisa, anakunja mikono mapajani, anasoma vibao vya barabarani kwa sauti ndogo. Basi nikasema mimi Tahir nina gari, wazee hawa wahangaike kwa nini? Pandeni twende. Usukani nimemwachia Mzee Luo, maana bosi haendeshi, bosi anakaa pembeni anaangalia nchi.

Tunazunguka kutwa. Leo Nansha, kesho Qingyuan, kesho kutwa Shaoguan kwenye milima, na vituo vyetu ni vya malori, kwa sababu ndivyo Bi Zhen anavyovijua. Ukimpeleka hoteli analia. Ukimsimamisha kati ya matrela ishirini yanayonguruma, anashuka mwenyewe na kuuliza chai iko wapi.

Hapa sasa nikufundishe kitu ambacho mafundi wengi wa kwetu hawajakishika mkononi. Gari hili linakunywa vitu viwili. Linakunywa dizeli, na linakunywa maji ya yuria. Yuria! Ile ile mjomba aliyokuwa anatupia kwenye mahindi kule Turiani, ila hii imesafishwa, ikachanganywa na maji safi, ukiitazama utadhani ya kunywa. Niliposikia mara ya kwanza nilimuuliza Mzee Luo kama gari litaota majani. Kumbe inaenda kwenye bomba la moshi, inaua sumu ya moshi. Ina tangi lake peke yake na mdomo wake peke yake, wenye kifuniko cha buluu. Ikiisha, taa inawaka, na ukijifanya huioni gari linanyang'anywa nguvu, linatambaa kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Na ole wako uimimine kwenye tangi la dizeli. Pampu inakufa, na injini inaifuata.

Hayo yote nayajua leo. Wiki tatu zilizopita sikuyajua, lakini nilishasema nayajua.

Tulikuwa kituo cha malori cha njia ya Nansha, asubuhi, mvua imetoka kukatika. Taa ya yuria ilikuwa imewaka tangu jana yake. Mzee Luo akanunua dumu la kilo kumi, akaliweka chini, akaniambia nimsubiri aende kuchota maji ya moto ya chai. Mimi nisubiri? Mimi niliyekuwa utingo wa Fuso Dar mpaka Tunduma miaka miwili mizima? Fuso yetu haikuwahi kunywa kitu zaidi ya dizeli na matusi. Nikaona mdomo mkubwa wa kifuniko cheusi, nikaufungua, nikawaza vyote si vinaingia tumbo moja, nikanyanyua dumu.

Bi Zhen alikuwa hajasema neno na mtu siku nne. Asubuhi ile ile alivaa blauzi ndani nje, na alipopewa kijiko alikitazama tu mpaka uji ukapoa. Sikumwona akishuka. Nilichosikia ni kofi. Alinichapa mkono, Swalha, kofi la mama kwa mtoto aliyetaka kushika jiko, na dumu akalidaka yeye. Kichina changu ni cha sokoni, cha punguza na hakuna na ghali sana, kwa hiyo mengi alikuja kunifasiria Mzee Luo baadaye, polepole. Aliniuliza nataka kuliua gari la watu? Akaniuliza macho yangu nimeyaacha wapi.

Kisha akafanya kazi. Kifuniko cheusi akakikaza. Akalowesha kitambaa, akafuta pembeni ya kile cha buluu, kwa sababu yuria ikikauka inaacha unga mweupe kama chumvi na unga ule unakula chuma. Akafungua, akachomeka mrija, akainamisha dumu na kutega sikio karibu na mdomo wa tangi. Hatazami, anasikiliza. Ule mlio wa maji ulipobadilika kidogo, mimi sikusikia tofauti, yeye akasimamisha. Hata tone moja halikumwagika. Akafuta tena, akafunga, akaenda bombani kunawa mpaka viwiko. Madereva waliokuwa wakivuta sigara pale walikuwa wamesogea kumtazama. Mmoja, jitu la kutoka Hunan lenye tumbo kama langu la mwaka juzi, alimwita shifu, yaani fundi mkuu, na akamwinamia kichwa.

Mzee Luo alirudi na chupa ya chai akamkuta mkewe anajifuta mikono. Bi Zhen akamtazama, akamsalimia kwa adabu, akamuuliza, wewe bwana unaendesha lori gani? Mzee akajibu kwamba anavuta kontena za Nansha. Bi Zhen akafurahi, akasema mume wake naye ni wa Nansha, huenda wanajuana. Mzee akasema anamjua. Akaulizwa ni mtu wa namna gani. Mzee akafikiri, akasema ni mtu mzuri kiasi, ila anakoroma. Bi Zhen akacheka mpaka akashika ubavu, akasema ndiye huyo huyo, halafu akamwambia akae, asimame kwenye maji kwa nini, akammiminia chai.

Mimi nilijidai naangalia tairi.

Baadaye bibi aliposinzia nilimuuliza Mzee Luo kama haimuumi. Alisema siku ya kwanza alijifungia chooni, akalia, akanawa uso akatoka. Siku za mwanzo alikuwa anabisha, anamwambia mimi ndiye mumeo, na bibi anaogopa, anarudi nyuma. Akaja akagundua kwamba akisema yeye ni dereva tu, anakaribishwa chai. Akaniambia chai ya mwanamke huyu nimeinywa miaka thelathini, nitaikataa leo kwa sababu hajui jina langu? Kisha akaniambia niache maswali, nikaoshe vikombe.

Tangu siku ile, kila tukisimama kujaza yuria, mimi nalibeba dumu nalipeleka makusudi kwenye kifuniko cheusi. Na kila mara Bi Zhen anashuka ananichapa. Mkono wangu wa kulia umeshakuwa mwekundu, mimi mweusi hivi! Naomba lisiishe kofi lile.

Sasa Swalha, jibu lako. Lina kitu ndani yake ambacho sijamwambia mtu.

Unakumbuka ile Ijumaa ya mfungo sita, uliponipigia nimwone mama kwa video? Uliniegemeza kwenye chupa ya chai ukaenda kuepua chungu. Uliporudi ulikuta simu imezima, nami nikakuandikia kwamba mtandao wa China ni mbovu. Mtandao haukukatika. Mama alinitazama sana. Alitazama ndevu, akatazama hiki kitambi kilichobaki. Nikamwambia mama, ni mimi, Tahir. Akasema, samahani baba, Tahir hayupo, kaenda chuoni, akirudi nitamwambia ulikuja. Kwa upole, kama anavyojibiwa mgeni. Mimi nikakata simu.

Kwa hiyo yule ambaye mama anamuulizia kila alfajiri kama keshakula si mimi. Ni Tahir wa darasa la nne, yule wa kwenda chuo cha Kurani jioni. Ndiyo maana nilikuwa sipigi. Nilikuandikia nina biashara nyingi, nina mzigo bandarini, nina wageni kutoka Mombasa. Uongo mtupu. Niliogopa kusafiri siku nzima angani nikafike nyumbani kwetu nikaribishwe kama mtu wa kusoma mita.

Siogopi tena, au niseme naogopa lakini nakuja. Akiniambia Tahir kaenda chuoni, nitamwomba mkeka nikae naye tumngoje. Tutamngoja jioni nzima, tutamwekea chakula chake, na mimi nitakula kile kitakachobaki. Akinipa chai nitashukuru kama mgeni. Hata akinifukuza nitazunguka nyumba niingie mlango wa uani nipige hodi upya.

Ile tiketi uliyosema wewe na Rahim mtanikatia, nikakujibu kwamba unanitukana, mtu mkubwa kama mimi nikatiwe tiketi na mdogo wangu: nikatie. Ofisi yangu ya mizigo nilishaifunga tangu mwaka jana na sikukwambia. Kata ya tarehe yoyote, hata ile ya kubadilisha ndege mara tatu na kulala kwenye viti.

Nisalimie Rahim, mwambie shemeji yake anamheshimu kuliko anavyoonyesha. Wabusu watoto, yule mkorofi mbusu mara mbili. Wasalimie majirani wa mtaa mzima, hata wale tuliokosana nao kwa ajili ya mfereji. Mama usimwambie kitu, mpe tu uji wake na umfunike miguu, nami nitajieleza mwenyewe nikifika. Mwanahija mpe maji ya baridi, kabeba maneno mazito kuliko viatu vyake.

Na gari, Swalha, si langu. Ni la Mzee Luo, kalinunua kuukuu kwa ajili ya mkewe. Mimi walinionea huruma nilipofukuzwa chumba, wakanipa kitanda cha juu, na kazi yangu ni kubeba madumu. Sijawahi kuwa na gari.

Kaka yako,
Tahir