Gari limelalaje?

Jumanne, Julai 2017

Ninalionea wivu gari. Niandike tu, hakuna mwingine atakayesoma.

Bosi anasema gari la umeme likipigwa na baridi linaishiwa nguvu mapema. Kwa hiyo linalala gereji, kwenye chaji, na saa kumi na moja na nusu alfajiri linajipasha moto ndani. Mimi mlinzi wake ninalala kwenye kibanda cha getini. Wiki iliyopita niliomba hita ndogo. Akasema waya wa kibandani ni mwembamba, utaungua.

Huku kusini Julai ndiyo baridi kali; leo majani yalikuwa meupe kwa barafu. Nikaingia gereji nikabandika viganja kwenye kioo cha gari mpaka vidole vikarudi. Désiré, Mrundi wa bustani, akanikuta. "Eish, Papa Neema, bora ungezaliwa na magurudumu."

Bosi akatoka na kahawa yake. "Gari limelalaje?"

Kwetu Bukavu swali hilo huulizwa mtu. Nikajibu limelala vizuri. Nikakohoa, yeye akaangalia chaji.

Mchana Mama Neema akapiga simu kutoka nyumbani. "Baba, umelalaje?"

Nikamwambia nimelala kama gari la bosi. Akamshukuru Mungu.