Uwanja Wangu kwenye Kadi ya Baba

Marietta, Ohio
Machi 6

Baba mpendwa,

Habari za huko Lowell, na goti lako linasemaje na baridi hii? Sisi huku ni wazima, ila Wade anaota meno na anatafuna kila anachokifikia, hata kamba ya pazia. Dorsey wangu bado yuko mtoni na ile boti yao ya kusukuma matishari ya makaa. Alipiga simu kutoka Paducah, anakusalimu. Najua salamu zake huzitaki, lakini mimi nazifikisha.

Ndani ya bahasha kuna mchoro wa kadi ya biashara yako ya kukata nyasi. Nimeuchorea kwenye meza ya jikoni mtoto akiwa amelala, na hiyo alama ya kidole chenye ndizi pembeni si sehemu ya mchoro, usije ukaipeleka kwa mchapaji. Nimeifanya kadi iwe ndefu na nyembamba, na tundu juu, ili uitundike kwenye kitasa cha mlango. Tafadhali usiweke hata moja kwenye sanduku la barua la mtu. Yule bwana wa mabomba alifanya hivyo mwaka jana, tarishi akazikusanya zote akamgombeza barabarani kama mtoto. Sanduku ni la posta peke yake.

Namba ya simu nimeifanya kubwa kuliko jina lako, usikasirike. Mtu anaisoma akiwa na kikombe cha kahawa mkono mmoja na simu mkono wa pili. Rangi ni kijani kimoja tu, kile cha nyasi zikishanyeshewa. Picha ni moja tu: wewe na mashine yako, na nyuma yako ile mistari iliyonyooka ambayo hapa kaunti nzima hakuna anayeikata kama wewe. Mahali pengine pote nimeacha peupe, maana kadi iliyojaa maneno ni kama mtu anayekupigia kelele mlangoni. Hayo sikuyasomea. Nimeyajua kwa kutengeneza matangazo ya chakula cha jioni pale kanisani. Shule niliiacha, unajua lini na unajua kwa nini.

Baba, ulisema wateja wakiongezeka utahitaji mtu wa pili. Hukusema nani. Mimi kila usiku namwomba Mungu na namtajia jina kabisa, asije akakosea. Wade anamjua baba yake kwa sauti ya simu. Juzi simu ya jirani ililia, akainyoshea mikono.

Kula vizuri.

Mwanao,
Corinna


Lowell
Machi 15

Binti yangu,

Goti linauma, asante kwa kuuliza. Mbusu huyo mtafuna pazia.

Mchoro ni mzuri, ila nusu ya karatasi umeiacha tupu, na mimi karatasi natozwa bei ya nzima. Andika kila ninachofanya: kukata, kusawazisha kingo, kukusanya majani, kusukuma theluji, kuzibua mifereji ya paa. Na bendera ya taifa uiweke. Halafu Ellis wa matbaa anasema siku hizi mtu hapigi simu mpaka aone picha mbili, ya kabla na ya baada. Anasema watu wanataka waone aibu ya mwenzao kwanza, ndipo watoe pochi. Sijui, lakini kadi yake mwenyewe inavuta watu.

Kuhusu huyo mtu wa pili, tutaona. Nataka mtu ambaye ukimwita yupo.

Baba yako


Marietta
Machi 19

Baba mpendwa,

Nashukuru barua yako imefika, na nashukuru goti bado lina nguvu ya kubisha. Wade ameota jino la chini. Ameshaning'ata nalo begani, kwa hiyo nina ushahidi.

Bendera nimeiweka, ndogo. Kazi zako nimezipanga chini kwa herufi za aina moja. Mambo ya herufi aina tatu kwenye kadi moja mwachie Ellis.

Lakini picha ya kabla na baada, hapana. Kila uwanja una mwenyewe, Baba, na mwenyewe ana majirani. Unawajua watu wa hapa. Mtu anaweza kukosa kuonekana kanisani mwezi mzima asiulizwe, lakini nyasi zake zikifika magotini, jirani anaipigia simu manispaa kabla ya chakula cha mchana. Sasa wewe unataka kuichapa hiyo aibu na kuitundika kwenye milango? Kama huna budi, kapige picha ile nyumba iliyoachwa nyuma ya kinu cha zamani. Haina mtu wa kuumia. Nipe neno lako.

Nakupenda, mzee mbishi.

Mwanao,
Corinna


Marietta
Mei 4

Baba,

Leo salamu sikupi. Na simu yako sipokei, usihangaike kupiga, maana kwenye simu unanifunika kwa sauti na mimi nakuwa na miaka saba tena. Kwenye karatasi utanisikia mpaka mwisho.

Neno lako hukunipa. Nilikaa nikijua umenipa, kwa sababu ulinyamaza.

Leo asubuhi nimefungua mlango nitoe takataka, kadi ikaniangukia mguuni. Kijani changu. Herufi zangu. Namba kubwa kama nilivyokwambia. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, ninaapa, nikamwinua Wade nikamwambia, "Tazama kazi ya mama!" Halafu nikaona pale nilipoacha peupe.

Huo ni uwanja wangu. Hata usingeandika neno "Kabla" ningeujua. Magugu yenye maua ya njano yamefika kwenye ngazi, beseni la buluu la kuogea limepinduka, boksi la kitanda cha mtoto liko barazani limelowa mvua. Na dirishani shuka nililotundika badala ya pazia. Ni Julai iliyopita. Mimi niko hospitali, presha imepanda baada ya kujifungua, madaktari wanamwambia Dorsey kwa simu ajiandae kwa lolote, naye yuko katikati ya mto ambako huwezi kushuka kama unashuka basi.

Loretta Kuhn wa nyumba ya pili alikuwa keshasimama kwenye ua wake na kadi yake mkononi.

"Corinna! Umekuwa nyota, mpenzi!"

Nikamwambia sijui anaongelea nini.

"Hee, si hapa kwenu hapa? Beseni si lile pale? Mimi mwaka jana nilifikiri wamehama, nikamwambia mume wangu Harold, maskini, wameikimbia kodi."

Na mzee mmoja wa mtaa huu, mwenye mbwa wa miguu mifupi, naye akasimama akasema, "Una bahati baba yako ndiye fundi, binti. Bila yeye huo uwanja leo ungekuwa umemezwa na magugu." Akacheka. Hata mbwa nilimwona kama anacheka.

Nimefunga mlango nikakaa chini sakafuni na mtoto.

Lakini si Loretta aliyeniliza. Sikiliza. Siku ile waliponirudisha kutoka hospitali, nilikuwa kwenye gari la mama mchungaji, na njia nzima nilikuwa naogopa zile nyasi. Nilijua watu watanitazama nikishuka. Tukakata kona, nikauona uwanja umekatwa, mistari imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Nililia mpaka mama mchungaji akataka kunirudisha hospitali. Miezi yote hii, nikivunjika moyo, nilikuwa nachungulia dirishani naikumbuka ile mistari, najiambia: baba yangu hasemi, lakini alikuja.

Kumbe ulikuja na kamera.

Kaziondoe. Mtaa wangu wote, mlango kwa mlango, wewe mwenyewe na goti lako.

Corinna


Lowell
Mei 9

Corinna,

Jina lako halimo kwenye hiyo kadi, wala namba ya nyumba. Hao wanaoujua uwanja wako walishauona kwa macho yao mwaka jana, bure. Na simu hailali. Leo nimekata tangu jua lilipochomoza, na wote wanasema wameona ile picha. Si ulitaka wateja? Uliniombea wateja, nimepata wateja, sasa ni kosa langu.

Kule kwenye kinu nilikwenda. Nyumba wameibomoa. Ellis alikuwa anasubiri na mashine imewashwa, na picha nyingine sikuwa nayo.

Na kama unataka kujua kwa nini nilikuwa na kamera, sikuipiga kwa ajili ya biashara. Niliipiga nimtumie mumeo. Nilitaka aone amemwacha binti yangu katika hali gani. Nilisimama pale kwenye magugu nimejaa hasira naye. Halafu nikakata, na nilipomaliza nikapiga nyingine, aone na hiyo. Sikuzituma kwa sababu ulipona.

Kwa hiyo hasira yako ielekeze mtoni.

Baba yako


Marietta
Mei 12

Baba,

Salamu leo ni za Wade tu, yeye bado hajajua.

Usimwingize Dorsey. Yeye alikuwa kazini, kazi iliyolipa kitanda cha hospitali nilicholalia. Ulitaka kumwonyesha mtu mmoja aibu yangu ili aone uchungu. Sawa, hilo ningekusamehe. Lakini umewaonyesha watu wote isipokuwa yeye.

Sasa fungua hii bahasha ndogo taratibu. Kuna picha. Unaijua hiyo nyumba? Nyasi zimeifunika ile benchi ya Mama. Mlango wa gereji uko wazi nusu, na ukitazama vizuri utaona viatu vya mtu aliyekaa ndani gizani. Ni viatu vyako. Ni ule mwaka tuliomzika Mama, ulipokuwa unakaa humo kutwa na redio haijawashwa, na karatasi ya onyo la nyasi kutoka ofisi ya kijiji imebandikwa kwenye nguzo. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Nilipiga hiyo picha mimi. Nikamtumia shangazi Wilma, mtu mmoja tu, ndiyo maana alikuja na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi akakaa mpaka msimu wa maboga. Ulifikiri alipita tu? Na uwanja niliukata mimi, kwa ile mashine ya kusukuma isiyo na injini, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Shule nilikuwa nimekwisha kuiacha, mtu wa kukupikia angetoka wapi? Mistari yangu ilikuwa imepinda kama njia ya ng'ombe. Nilipomaliza ulitoka gereji, ukatazama, ukaingia ndani ukaoga. Mimi kwangu hiyo ilitosha. Sikumwonyesha mtu.

Nimekuchorea kadi mpya. Herufi zilezile, kijani kilekile. Pale kwenye "Kabla" nimeacha nafasi sawasawa na hiyo picha, nimeipima. Ellis akisema watu wanataka kuona aibu ya mtu ndipo wapige simu, basi mpe ya kwako, uone inavyokaa kwenye mlango wa Loretta Kuhn.

Mwanao, kwa sababu hilo halibadiliki,
Corinna


Lowell
Juni 8

Binti yangu,

Natumaini wewe na mtoto ni wazima. Ile picha niliiweka kwenye meza ya jikoni, nikawa nakula nimeigeuzia chini. Halafu nikawa nakula nimeigeuza juu.

Nimeipeleka kwa Ellis. Aliniuliza ni nyumba ya nani hii, mbona mbaya hivyo. Nikamwambia ni yangu, na fundi aliyekata nyasi zake alikuwa na miaka kumi na sita. Ya baada hatukuwa nayo, kwa hiyo nafasi ile nimemwambia aiache peupe, vile unavyopenda. Moja hii hapa.

Mtaa wako nimeupita Jumamosi. Sikugonga kwako, nilijua hutafungua. Zile za zamani nimezitoa zilizobaki, nyingine watu walikuwa wamezibandika kwenye jokofu, nikaomba nizitazame nikazichana mbele yao. Huyo Loretta alisoma hii mpya akasema, "Verlin, wewe pia?" Nikamwambia mimi ndiye niliyeanza. Akanipa maji ya limau. Hakucheka.

Simu imepungua. Wanaopiga sasa wanaongea kidogo kabla ya kuuliza bei. Mmoja amefiwa na mkewe Aprili, naye mwenyewe hajawahi kuwasha mashine ya nyasi. Hata hivyo kazi ni nyingi kuliko goti langu.

Mumeo anavaa fulana ya saizi gani? Nataka kuchapisha za kijani, mbili, yangu na yake.

Baba yako


Marietta
Juni 11

Baba,

Tu wazima. Wade amesimama leo, ameshikilia kiti, akaanguka, akajipigia makofi.

Kadi nimeiona. Peupe pale pamekaa vizuri, ila Ellis ameibana namba ya simu, mwambie aivute juu kidogo. Nimeiweka kwenye droo ya nguo za mtoto. Bado nina hasira na wewe, usifikiri zimekwisha. Nikikutana na yule mzee wa mbwa zinarudi zote.

Dorsey anavaa saizi kubwa, na mabega yake ni mapana, asije Ellis akabania. Anashuka Ijumaa kule Cincinnati. Nimemsomea barua yako kwenye simu. Akaniomba nirudie pale kwenye fulana.

Mvua imenyesha wiki nzima na nyasi zangu zimefika kwenye ngazi tena. Loretta ameanza kuzitazama.

Njoo Jumapili na mashine mbili, ya pili Dorsey ataishika. Kamera iache Lowell.

Mwanao,
Corinna