Maua Nje, Mkono wa Baba Ndani

Dodo, uko? Nimefanya ubaya, ndugu yangu.

Unajua zile kadi za komunyo nilizoandikia mashairi. Bahasha zilikuwa nyeupe tupu, nikaona zinayaaibisha. Ndani ya sanduku la mama nikakuta karatasi ya maua mekundu. Nikaikata, nikaibandika juu ya bahasha kumi na mbili. Zilipendeza, sikatai.

Sasa hivi mama ameinua moja kwenye mwanga wa dirisha. Akaniuliza, "Guy, weye haukuangaliaka nyuma?"

Nyuma. Dodo, sikuangalia nyuma.

Ndiyo karatasi baba aliyofungia kikwembe, kile kitenge cha uchumba, akamwandikia mama kwa mgongo wa karatasi. Tangu tumzike, mwandiko wake ulibaki huo tu. Mimi nikaupaka gundi.

Mama hakupandisha sauti. "Mashairi yako inapita maneno ya baba yako?"

Nikaweka sufuria ya maji motoni.

Saba tunazibandua kwa mvuke wa sufuria. Tano zilikwenda jana Kapolowe na kadi zake. Mama amesoma mpaka "Alphonsine, siku nikikukosea", basi. Yanayofuata yako Kapolowe.

Lete baiskeli.