Mafuta ya taa kwenye maua ya mama mkwe

Pamela, dada Dominika kaaibika leo! Yuko hapa chumbani kwangu Majengo, analia tu.

Mama mkwe wake alimwachia ayatunze yale maua ya kwenye makopo, aliyopanda marehemu baba mkwe. Vijinzi vyeusi vikajaa kwenye udongo. Dada akamwagia mafuta ya taa. MAFUTA YA TAA, Pamela!

Leo mama mkwe kashuka kutoka kijijini Kilema, kakuta yamenyauka. Dada akasema ni jua. Mama akachota udongo, akanusa. “Jua gani linanuka mafuta ya taa, mwanangu?”

Akamwambia eti vile vidudu vinafuata unyevu tu. Angeacha udongo ukauke juu, atandaze mchanga, basi.

Hakufoka. Alikata kijiti kimoja kilichobaki kibichi, cha kuotesha upya. Dada akanyoosha mikono akipokee. Mama akakifunga kwenye kitenge chake, akaondoka nacho.